Meza ya Dirishani

Sheffield,
17 Februari 2002

Mpendwa Kaka Neville,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Sisi wazima, na nyinyi huko wazima wote naamini, hasa wifi Odile na goti lake. Mwambie aache kupanda ngazi kwa ushujaa. Picha ya Celeste niliipata. Kidevu amechukua cha Mama, maskini, lakini mengine yote ni ya kwenu huko na anapendeza. Shangazi Edna amehamia nyumba ya wazee na wiki ya kwanza tu amegombana na watu wawili, kwa hiyo anaendelea vizuri.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, maana najua barua unazisoma umesimama jikoni na buti bado mguuni.

Nimeacha kazi hospitalini. Miaka ishirini na miwili ya kuwapangia watu tarehe za kuonana na madaktari imenitosha. Mimi na Bronagh, yule rafiki yangu wa Derry aliyekuwa mpishi wa hoteli, tumekodi baa. Si baa ya kulewa na kutafuna karanga. Ni ya kula. Bia inatoka kwenye pipa kama kawaida, mvinyo upo, na jikoni yuko mtu anayejua anachofanya. Lakini mteja anakaa kwenye kiti cha mbao, mbwa wake chini ya meza, na hakuna anayemsemesha Kifaransa. London zimejaa siku hizi. Magazeti yamezipa jina la kujidai ambalo Bronagh amelipiga marufuku tusilitamke ndani ya nyumba.

Tumeng'oa zulia. Lilitoka kwa vipande, kama ukoko wa sufuria, na chini yake kuna mbao nzuri kabisa. Kuta zile unazozijua kuwa rangi ya chai, kumbe ni nyeupe. Ulikuwa moshi wa sigara tu.

Nimesema unazozijua, kwa hiyo umeshaelewa. Ni Mikasi Mitatu, ile aliyokuwa akinywea Baba. Ilikuwa imefungwa tangu kiangazi, madirisha yamepigwa mbao, na hakuna aliyeitaka. Ndiyo hivyo.

Baba hajambo.

Mdogo wako,
Lorraine


Thunder Bay,
24 Machi 2002

Mdogo wangu Lorraine,

Barua yako ilifika siku ambayo gari lilikataa kuwaka, nikapata muda wa kuisoma nimekaa. Huku ziwa bado ni barafu tupu na watu wanaliendeshea magari juu, jambo ambalo sijalizoea hata baada ya miaka yote hii. Odile anakushukuru kwa kumuulizia goti. Amepigwa picha, akaambiwa apunguze kazi, akamwambia daktari aje yeye afue. Celeste amepata nafasi chuo kikuu cha Winnipeg, atasomea udongo. Nilimuuliza udongo una nini cha kusomea miaka minne, akanijibu ndiyo maana mimi natengeneza taa za reli.

Hongera kwa biashara. Kagueni mabomba ya bia kabla ya kuuza hata glasi moja, maana bomba likikaa kavu miezi mingi linaota utando, na bia itanuka kama soksi. Paa la upande wa uani lilikuwa linavuja enzi zetu. Kama mwenye nyumba amekwambia alilitengeneza, panda mwenyewe ukaangalie.

Sheffield ina baa kila kona. Sikuulizi kwa nini umechagua hiyo.

Mlango wake naukumbuka kuliko mlango wa shule. Na nakumbuka siku ya kumzika Mama, watu wamejaa sebuleni kwetu na sahani mapajani, wananong'ona, na mtu mmoja hayupo kwa sababu yuko Mikasi Mitatu anacheza fainali ya kurusha vishale ubaoni. Na akashinda. Kombe likawekwa kwenye rafu ya chupa, juu ya kaunta, kila mtu alione. Hayo unayajua, huna haja ya kukumbushwa, na bado nimekukumbusha.

Kama hilo kombe bado lipo, usiniambie.

Nakutakia wateja wengi wasio na mbwa wakubwa.

Kaka yako,
Neville


Sheffield,
12 Mei 2002

Mpendwa Kaka,

Poleni na baridi. Huku miti imechanua na watu wanatoka nje mikono wazi wanatetemeka kwa ukaidi. Shangazi Edna sasa amewapatanisha wale wawili aliogombana nao, na wote watatu wanagombana na mpishi. Bronagh anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema mtu anayejua habari za mabomba ni mtu wa kusalimiwa. Uliyosema kuhusu paa yalikuwa kweli. Ndoo tatu.

Tulifungua tarehe ishirini Aprili. Nilivaa viatu vipya, kosa kubwa. Watu wa mtaani walikuja kuchungulia kwanza, kama wanaangalia nyumba iliyoungua. Halafu wakaingia. Bwana mmoja wa zamani, fundi wa visu aliyestaafu, aliletewa pai ya mkia wa ng'ombe na njegere za kupondwa, akaizungusha sahani mara mbili.

"Sahani kubwa hivi, chakula kimekwenda wapi?"

Bronagh akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mzee, kula hicho kwanza. Ukimaliza na bado una nguvu ya kulalamika, nitakuongeza."

Alimaliza. Hakulalamika. Wiki iliyofuata akaja na mkewe, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kukanyaga humo ndani. Huyo mama alisimama katikati ya ukumbi akaangalia huku na huku, akasema, "Kumbe ndipo ulipokuwa ukijificha. Pazuri." Sijui kama alikuwa anatania.

Jumapili ya pili Baba alikuja.

Nakuandikia kama lilivyotokea, usome au uruke. Nilimwona kupitia dirishani amesimama upande wa pili wa barabara, na koti lake la kanisani. Alisimama kiasi cha mtu kuvuta sigara mbili, na yeye havuti tena. Kisha akavuka. Mwaka huu ni wa kumi na moja hajagusa pombe, sijui kama niliwahi kukwambia. Nadhani niliwahi, na hukujibu. Akafika kaunta, akanisemesha kama hanijui.

"Mnauza supu?"

"Tunauza, Baba."

"Ya nini?"

"Ya njegere na nyama ya nguruwe."

"Basi nitakaa pale," akasema, akaonyesha meza ndogo ya dirishani. Zamani pale palikuwa na mashine ya sigara. Tangu siku hiyo huja kila Jumapili, saa saba kasorobo. Sasa anakula na nyama ya kuoka. Anakunywa soda ya tangawizi. Akimaliza anasema, "Haya," anaondoka.

Kombe lilikuwepo. Samahani, umesema nisikuambie. Nilimuuliza nilifanyie nini, akasema, "Si langu, ni la baa." Baa ni mimi, kwa hiyo nimelitoa, limekwenda kwa watu wa ligi, na ubao wa vishale nao. Rafu ile sasa ina mitungi ya vitunguu vya siki.

Hukuniuliza kwa nini nilichagua hapa, nami sikujibu. Tuko sawa.

Mdogo wako,
Lorraine


Thunder Bay,
29 Septemba 2002

Mdogo wangu Lorraine,

Nimekaa kimya muda mrefu. Kazi zilikuwa nyingi na kiangazi huku ni kifupi, kila mtu anataka reli zake zitengenezwe kabla ya theluji. Odile hajambo, goti limetulia. Celeste tumempeleka Winnipeg na masanduku manne na jokofu dogo. Nyumba imekuwa kubwa. Odile bado anapikia watu watatu, na mimi nakula sehemu ya tatu ili asione.

Umeuliza kwenye kadi yako ya Agosti kama nimekasirika. Hapana.

Odile anapenda kujua habari za baa yenu. Chakula cha Jumapili kinaanza saa ngapi? Mtu lazima aweke nafasi mapema, au anaweza kuingia tu akasimama kaunta? Na wewe huwa upo Jumapili zote, au unapumzika? Usijichoshe sana. Katika umri wetu mgongo hausamehe.

Anauliza tu.

Kaka yako,
Neville


Sheffield,
13 Oktoba 2002

Mpendwa Kaka,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Nilianza kufikiri umeanguka kwenye ziwa. Pole kwa nyumba kuwa kubwa. Sisi huku tumejaa. Juzi mwanamke mmoja alimnyonyesha mtoto kaunta huku anakula soseji ya damu, na hakuna aliyegeuka, ndipo nikajua tumeshakuwa baa ya kweli.

Mjibu Odile: Jumapili jikoni hufunguliwa saa sita mchana. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, au kondoo, au pai ya jibini na vitunguu kwa wasiokula nyama, ambao Bronagh anawaombea. Kuweka nafasi ni vizuri, lakini mtu akija peke yake hatumfukuzi. Na ndiyo, mimi huwepo kila Jumapili, isipokuwa tarehe 17 Novemba nitakuwa Harrogate kwenye harusi ya binti wa bosi wangu wa zamani. Nimenunua kofia. Nitajuta.

Baba anaulizia habari zako. Haulizi kwa maneno. Anauliza, "Posta inafanya kazi?" Nikimwambia inafanya, anasema, "Haya." Nikimwambia leo hakuna kitu, anasema labda ni mgomo. Miezi hii minne tumekuwa na migomo mingi.

Sikuombi chochote. Nimekueleza tu anavyouliza.

Mdogo wako,
Lorraine


Thunder Bay,
25 Novemba 2002

Mdogo wangu Lorraine,

Natumai harusi ilikwenda vizuri na kofia haikupeperuka. Sisi wazima. Odile anakusalimu, na ndiye aliyeniweka mezani niandike barua hii, amefunga na mlango.

Nilikuwa Uingereza. Kampuni ilinituma Derby wiki nzima kuangalia mitambo mipya ya taa za reli. Nilijua tangu Agosti. Sikukwambia kwa sababu ungeniandalia kitanda, na ungeandaa na mengine. Jumapili ile ya harusi nilipanda treni nikaja Sheffield. Nilitaka kuiona baa yako tu. Nisimame kaunta, ninywe glasi moja, niangalie meza ya dirishani kutoka mbali, niondoke. Huo ndio ulikuwa mpango, na ulikuwa mpango mzuri.

Mlango mmeupaka rangi ya kijani. Ningepita bila kuujua, isipokuwa ile ngazi ya jiwe iliyolika katikati bado ipo. Mvua ilikuwa inanyesha ya ubavu. Niliingia, nikakung'uta koti, na joto likanipiga usoni: moto kwenye jiko, nyama inanukia, makoti mabichi yamerundikwa, watoto wanalia, mbwa mmoja mweusi amelala njiani na kila mtu anamruka. Niliyokuwa nayo kichwani miaka yote hii ni giza na wanaume wameinamisha migongo. Kumbe mna mwanga. Kulikuwa na bibi mmoja amevaa taji la karatasi kwa sababu ni siku yake ya kuzaliwa, anacheka mpaka anashika meza.

Nilifika kaunta, na hapakuwa na pa kusimama. Bronagh, nadhani alikuwa yeye, alikuwa anakimbia jikoni na ukumbini kwa wakati mmoja.

"Uko peke yako, mpenzi?"

"Nataka bia tu."

"Jumapili saa saba, mvua hii, unataka bia tu? Na njaa je? Meza zote zimejaa, lakini njoo, utakaa na Bwana Wilf. Hang'ati."

Nilimwambia hapana. Hakunisikia, au alinisikia. Alinishika kiwiko kama polisi, akanipeleka dirishani. "Wilf, nimekuletea mgeni. Mpe nafasi." Na akaondoka.

Lorraine, nilikuwa nimesimama mbele ya Baba. Amekuwa mdogo. Hicho ndicho kilichonijia kwanza, kwamba kuna mtu amempunguza. Koti la kanisani, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Aliinua macho akaniangalia. Mimi nina ndevu za mvi, miwani, na kilo ishirini ambazo sikuondoka nazo. Akaondoa kofia yake kwenye kiti cha pili.

"Kaa, kijana. Hakina mwenyewe."

"Kijana?" nikasema. "Nina mvi."

"Mimi nina sabini na sita. Kila mtu kijana."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Miguu ilikuwa imeshaamua.

"Chukua ya ng'ombe," akasema. "Ya kondoo nzuri, lakini ina mafuta. Samaki usichukue Jumapili."

Nikachukua ya ng'ombe. Msichana aliniletea bia kwanza, glasi kubwa, povu juu. Nikaiona mkononi mwangu, nikaona na soda yake ya tangawizi, nikashindwa hata kuinywa wala kuiweka chini.

"Kunywa," akasema. "Hainisumbui. Ilinisumbua zamani, ikachoka."

Nikanywa. Ilikuwa bia safi. Mabomba mmeyaangalia.

Chakula kilikuwa bado. Kisha akauliza, "Sauti hiyo ya wapi?"

"Canada."

"Kuna baridi?"

"Kiasi."

"Unafanya nini huko?"

"Reli. Taa za kuongozea treni."

"Kazi nzuri hiyo. Watu wanafika." Akapangusa kisu chake kwa kitambaa, ingawa kilikuwa safi. "Una familia?"

"Mke. Na binti mmoja, yuko chuo. Anasomea udongo."

Nilidhani atacheka, kila mtu hucheka. Hakucheka. "Ana jina?"

"Celeste."

"Celeste," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nyama ikaja. Ile pudini ya Yorkshire, ya unga na mayai, ilikuwa imevimba kubwa kuliko kofia yake, na mchuzi mnauleta kwenye jagi, mtu ajimiminie mwenyewe, jambo la busara. Alinisogezea sosi ya mzizi mkali kabla sijaitafuta. Nilikula, Lorraine. Nilikuwa nimeamua sitakula chochote humo ndani maisha yangu yote, na nikala mpaka viazi. Mpishi wako mwambie kwamba viazi vile sijawahi kuvila popote. Vinalia kwa nje, na ndani ni kama mvuke.

Katikati ya kula nikamuuliza. Sikujua nitamuuliza mpaka nilipojisikia.

"Unakuja hapa siku nyingi?"

"Zamani nilikuja kuliko ilivyofaa. Siku hizi nakuja mara moja kwa wiki, naona inatosha. Binti yangu ndiye mwenyewe. Leo hayupo, yuko harusini na kofia mbaya."

"Palikuwaje zamani?"

"Pabaya. Pale kwenye mitungi palikuwa na makombe. Na pale," akaonyesha kwa uma, "palikuwa na ubao wa vishale. Niliwahi kushinda fainali pale, siku ambayo nilitakiwa niwe nyumbani."

Niliendelea kukata nyama iliyokuwa imeshakatwa.

"Mke wangu tulimzika mchana huo," akasema. "Nyumba ilijaa watu. Kila ninayemgeukia ananishika mkono, ananiambia pole. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, ana miaka ishirini, amevaa suti yangu kwa sababu yeye hakuwa na suti. Nilitakiwa nikae naye pale kwenye ngazi. Nikashindwa kujua nitamwambia nini. Huku hakuna aliyeniambia kitu. Walinipa vishale." Akanywa soda yake. "Watu walidhani nilifurahi kushinda. Sikukumbuka hata kama nimeshinda mpaka waliponipa lile dude nilibebe."

"Huyo mwanao hukumwambia hivyo?"

"Alikuwa amekwenda."

Akamaliza chakula chake chote. Akapanga kisu na uma sawasawa. Bronagh alipita akamuuliza kama atakula pai tamu ya mabua ya rubabu, akasema leo hapana. Akavaa kofia, akasimama, na kusimama kwenyewe kulichukua muda, nikajikuta nimeshainua mkono kumshika, nikaurudisha.

"Haya," akasema. "Nimefurahi kumwona mtu anakula." Akatoka mvuani. Nilimwangalia kupitia dirishani mpaka kona.

Nilikaa naye saa nzima, umbali wa sahani mbili, na hakunijua. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ndani ya ndege, na hapa wiki nzima. Odile anasema ningesema. Labda. Lakini nadhani ni afadhali hivi. Aliyosema aliyasema kwa mgeni, na kwa mgeni ilikuwa rahisi. Tafadhali usimwambie ni nani.

Baa yako ni nzuri sana. Nilitakiwa nianze na hilo.

Kaka yako,
Neville


Sheffield,
9 Desemba 2002

Mpendwa Kaka Neville,

Kofia ilipeperuka. Bwana harusi aliikimbiza mpaka kwenye maua. Shangazi Edna ana mafua lakini anayatumia vizuri. Wifi Odile mwambie namshukuru kwa kufunga mlango. Bronagh ameelezwa habari za viazi, na tangu hapo hakuna anayeweza kuishi naye.

Barua yako niliisubiri kwa wiki mbili. Sikutaka kuandika mimi kwanza.

Nilirudi kutoka Harrogate Jumapili ile jioni. Jumatatu tunafunga, na asubuhi nilikuwa peke yangu nafuta kaunta, nikasikia kioo kinagongwa. Ni Baba. Jumatatu hajawahi kuja. Nikafungua, akaingia, akakaa mahali pake na kofia kichwani.

"Neville alikuja jana," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikaketi mbele yake, nikamuuliza taratibu, kama nilivyokuwa nawauliza wagonjwa, "Neville yupi, Baba?"

"Kwani tunao wangapi?"

Akaniambia yote: Derby hakuijua, lakini reli, na Canada, na mtoto anayesomea udongo, na kwamba umenenepa na inakupendeza. Nikamuuliza alikujua wakati gani, alipokusikia ukitaja jina la Celeste? Akaniangalia kama mimi ni mjinga.

"Alipoingia. Alisimama pale mlangoni anakung'uta koti. Mtu hamjui mwanawe?"

Neville, nilikasirika. Nilikasirika naye, na wewe nilikuwa sijajua hata nikukasirikie kwa nini, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia, "Sasa kwa nini hukusema kitu? Miaka ishirini na saba! Amekaa mbele yako!"

"Yeye hakusema."

"Basi na wewe hukusema?"

Akawa anaisogeza sogeza chupa ya chumvi. Unajua hana haraka.

"Niliona nikimtaja jina atasimama aondoke," akasema. "Na chakula chake kilikuwa bado hakijaja."

Nikamwambia chakula kilikuja, na mkaendelea kukaa.

"Kilikuja," akasema. "Basi nikamwacha ale."

Nilikwenda jikoni nikamtengenezea chai, na nilikaa huko muda kuliko chai inavyohitaji. Niliporudi alikuwa anaangalia nje, barabara tupu, mvua imekatika. Nikamuuliza anataka nikuandikie nini. Akasema nisiandike kitu, maana wewe ukitaka kusema utasema, na usipotaka nisikulazimishe. Kisha alipofika mlangoni akageuka.

"Yale niliyosema ya fainali," akasema, "nilimwambia yeye. Sikumwambia mgeni."

Sasa unajua. Uliniomba nisimwambie ni nani, na sijamwambia. Hakuna cha kumwambia.

Sitakuandikia tena ya kwake. Nimekuwa posta kati yenu tangu nina miaka kumi na saba, na nina baa ya kuendesha. Simu yake ni ile ile ya nyumbani, namba haijabadilika tangu ulipoondoka. Iko pale pale chini ya ngazi, na yeye siku hizi hukaa chumba cha nyuma na magoti yake hayana mbio, kwa hiyo itaita sana. Itaita mpaka utafikiri hayupo.

Yupo. Usikate.

Mdogo wako,
Lorraine